Mazishi ya Nyundo, Saa Tisa Kamili

Usiku wa jana niliota meza yetu inabisha hodi.

Sio kwamba kuna mtu aliigonga kwa juu. Hapana. Hodi ilitokea chini yake, ngo ngo ngo, halafu sauti nzito ikauliza, "Hodi huko juu?"

Mimi bwana nikajibu karibu. Ungejibu nini? Toka mdogo umefundishwa, ukisikia hodi sema karibu, mambo mengine yatajulikana mbele.

Ngoja kwanza nikwambie hiyo meza. Meza yetu ni mlango. Mlango kabisa, wa mbao, una kitasa mpaka leo. Jirani alibomoa choo cha zamani akasema nani anautaka, tukauomba, tukausugua siku nzima, tukaulaza juu ya makreti ya soda nyuma ya kibanda cha kinyozi hapa Kihesa. Hapo ndipo tunachezea gemu letu. Sio gemu la simu. Mimi ndiye msimulizi, nasema: mmefika mtoni, mto una mamba, mamba ana njaa, mnafanyaje? Kila mchezaji ana mhusika wake, anasema mhusika anafanya nini, halafu tunarusha dadu tujue kavuka au kaliwa. Dadu lenyewe nimelichonga mimi kwa sabuni ya mche. Lina pande ishirini, ukiwa na jasho linateleza, ukilirusha vibaya linaacha povu.

Tunacheza safari moja, haijaisha toka tumemaliza mtihani wa fomu siksi. Tunaufukuza Mlima Unaohama. Kila tukikaribia unahama. Na nia yetu ni tuukamate kabla vyuo havijatutawanya, mmoja Mwanza, mwingine Mbeya, basi, hamuonani tena mpaka harusi ya mtu.

Sasa shida watu hawaji. Leo yupo huyu, kesho hayupo. Siku nyingine nimekaa na mlango wangu peke yangu nasimulia mamba kwa kinyozi, na yeye ana mteja. Nikachoka. Nikaandika kanuni kwenye grupu: Tunakutana Jumamosi saa tisa kamili, hata mvua inyeshe. Mtu aje mzima, mwili na akili. Asiyekuja mara mbili, mhusika wake anakufa na tunamzika.

Wa kwanza kukosa mara mbili akawa Otilia.

Otilia Ngonyani ndiye gemu lenyewe, nisikudanganye. Akiwepo yeye tunacheka mpaka kinyozi anakosea mtu. Yeye Mngoni, mimi Mhehe, kwa hiyo ni watani, na mhusika wake kamtengeneza kwa ajili ya kunikera tu. Anaitwa Nyundo. Jitu kubwa la Kihehe linalovunja mageti ya ngome kwa paji la uso, lakini likiona kuku linapanda mti. Nilipomuuliza kwa nini kuku, akasema, "Muulize babu yako."

Basi Ijumaa nikaandika: Kesho saa tisa kamili tunamzika Nyundo. Kanuni ni kanuni.

Otilia akajibu: Sawa.

Sawa tu. Mtu ambaye huwa anatuma voisi ndefu mpaka unaisikiliza huku unafua. Nikajua huyu ndiyo anatoka hivyo. Akitoka Otilia, Gaspari atafuata. Akitoka Gaspari nabaki na Shamimu, na mlima utahama zake mpaka Malawi. Nilijua kabisa. Lakini nimeshaandika, nafutaje? Nitaonekana sina msimamo. Nikalala na msimamo wangu.

Ndiyo meza ikabisha hodi.

Navuta kitasa. Meza inafunguka kwenda juu kama mlango wa stoo, na ndani yake kinatoka kichwa cha mtu mkubwa, kipara, paji la uso lina alama za mabati.

"Kamwene," ananisalimia Kihehe.

"Kamwene," naitikia.

"Mimi ni Nyundo. Nimekuja kuulizia mazishi yangu. Ni hapa?"

"Ni hapa. Saa tisa kamili."

"Nimevaa vizuri?"

Namwangalia. Yuko vile vile Otilia anavyomuelezaga. Ngozi ya chui begani, rungu mkononi, mguu wa kulia una kandambili ya tairi. Mguu wa kushoto hauonekani vizuri, una ukungu ukungu, kwa sababu Otilia hajawahi kuutaja.

"Uko poa," nikamwambia.

"Kuna ubwabwa?"

"Upo. Ila wewe marehemu, huli."

Akafikiria. "Sasa mtu unakujaje kwenye msiba ambao huli?"

Nikamwambia akae pale kwenye kreti asubiri, akakaa, kreti likalia.

Halafu akaja Saa Tisa. Ni mtu mfupi, suti ya kijivu, kapiga na tai, anatembea haraka haraka kama afisa elimu. Akafika mezani akanyoosha mkono. Nikamkagua kuanzia juu kushuka chini. Mguu mmoja hauna kiatu.

"Kaka, kiatu kiko wapi?"

"Kimebaki stendi. Nimekimbia niwahi."

"Kanuni inasema Saa Tisa kamili."

"Ni kiatu tu, jamani. Mwili wote nimekuja nao."

"Kamili," nikamwambia.

Akanitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyekosa kiatu. Akageuka, akaondoka zake akichechemea. Na alipoondoka, jua likasimama. Yaani lilikuwa linatembea, likasimama, kama mtu aliyesahau anaenda wapi. Ikawa saa nane na haiendi popote.

"Umeyatimba," ikasema sauti ndogo mfukoni mwangu.

Ni dadu. Nikalitoa. Linaongea na kila neno linatoa povu.

"Nimeyatimba nini?"

"Umemfukuza Saa Tisa. Sasa mazishi yataanza saa ngapi?"

"Atarudi."

"Mimi ni sabuni," likasema dadu, "sina uzoefu na mambo ya muda. Ila mimi mtu akifukuzwa nimeona huwa anaenda."

Nikataka kujibu, mvua ikafika. Haikunyesha Kihesa nzima. Ilinyesha juu ya meza yetu peke yake, upana wa mlango, kinyozi pembeni ananyoa, yuko mkavu.

"Wewe vipi?" nikaiuliza mvua.

"Nimeitwa."

"Nani kakuita?"

"Imeandikwa hata mvua inyeshe. Mimi nimetoka Mufindi kwa miguu. Ninyeshe au nisinyeshe?"

"Haikuwa na maana hiyo."

"Ungeniuliza kabla hujaandika," ikasema mvua, ikaendelea na kazi yake.

Dadu likaanza kupiga kelele. "Jamani mimi sabuni! Mimi sabuni mwenzenu!" Na kweli, lilikuwa linapungua. Kona zake zinayeyuka, namba kumi na saba imeshakuwa kama moja. Nikalifunika kwa kiganja, povu likatoka katikati ya vidole.

Wachezaji wakaanza kufika. Shamimu nilimkuta ameshafika. Huyu dada kila siku anawahi, ukimwambia saa tisa anakuja saa saba, lakini kwenye ndoto kapitiliza: yupo pale toka Alhamisi, na miguuni ameota nyasi kidogo.

"Shamimu, hukwenda nyumbani?"

"Niende nirudi nichelewe?" akasema, akajimwagilia maji.

Gaspari Luhanga akafika, akakaa. Nikamsalimia, kimya. Nikampungia mkono mbele ya macho, kimya. Kumbe ni mwili tu. Akili ikaja baadaye kwa bodaboda, inahema. Ilikuwa kama mfuko wa rambo uliofungwa, na ndani yake mtangazaji wa mpira anapiga kelele.

"Samahani wakuu," ikasema akili ya Gaspari, "zilikuwa dakika za nyongeza."

"Mmekuja mbalimbali kwa nini?"

"Jumamosi mimi na huyu huwa hatuongozani," ikasema, ikajiweka mapajani mwa mwili wake. "Yeye anakuja kwako, mimi nabaki kwenye mechi. Ni makubaliano yetu ya muda mrefu."

Nikasema haya, tupo, tuanze. Nikainua macho, na hatuko tena kwa kinyozi. Tuko uwanja wa mpira. Kuna turubai, kuna sufuria zinachemka, na katikati kabisa, pale wanapoanzishia mpira, pamechimbwa kaburi.

Viti vya plastiki vimejaa lakini havina watu. Ni viti vya wale ambao hawakuja. Na vinalia. Sio kuchezacheza, vinalia kilio chenyewe, vimefunga na kanga miguuni. Kimoja kikasogea kikaniambia, "Pole sana msimulizi. Na sisi huwa hatuji kwa kupenda."

Nyundo akalala juu ya meza, maana meza ndiyo ilikuwa jeneza. Tukataka kumbeba. Mimi upande huu, Shamimu upande ule na nyasi zake, Gaspari nyuma, mwili unabeba na akili inatangaza: "Wanapanda nao, wanapanda nao taratibu." Kona moja ikakosa mtu. Ilikuwa kona ya Otilia.

"Hatutoshi," nikasema.

Nyundo akaguna, akashuka, akashika kona iliyobaki. Tukaenda vizuri sana. Kwa kweli alikuwa na nguvu kuliko sisi wote.

"Marehemu alikuwa mtu wa watu," akasema Shamimu.

"Asante," akasema Nyundo.

Tukafika kaburini, Nyundo akapanda mezani akalala tena. Nikachungulia ndani nione kama kina kinatosha.

Otilia kalala humo.

Kalala chali, mikono nyuma ya kichwa, kakunja nne, anatafuna karanga, maganda anarushia juu, yanatua kwenye viatu vyangu.

"Otilia. Toka, tunazika."

"Mnamzika nani?"

"Nyundo. Si unajua."

"Marehemu kabila gani?"

Nikajifanya napangusa maganda viatuni.

"Fide nakuuliza. Marehemu kabila gani?"

"Mhehe."

"Na mimi?"

"Mngoni."

"Basi imeisha hiyo." Akatupa ganda lingine. "Mtani kalala kaburini. Hatoki bure. Mnipe changu au mnizike naye, na mkinizika naye namtania mpaka ahera."

Nikamgeukia Shamimu anisaidie. Shamimu akatikisa kichwa. "Hapo hamna ujanja, Fide. Mtani akishalala kaburini havutwi kwa nguvu. Anabembelezwa. Hata kwenye msiba wa bibi yetu walilala wawili, tukazika jioni."

Hapo ndipo nikaona kosa langu. Kanuni nimeiandika vizuri, ina nukta, ina mkato, nimemuua mtu, nimemchimbia kaburi, nimesahau kwamba marehemu ana mtani. Hata mtoto wa darasa la pili angekumbuka.

"Lakini wewe ndiye mwenye marehemu!" nikamwambia. "Mfiwa anakuwaje mtani?"

"Mfiwa ni Otilia wa mezani. Yule yuko kazini. Mimi ni Otilia wa utani, nimekuja peke yangu."

"Wangoni nyie hamna aibu."

"Aibu tuliiacha kwenu tulipokuja kuwafukuza."

"Nani aliwafukuza nani? Babu zenu walikimbia mpaka leo hawajasimama."

"Hatukukimbia," akasema Otilia. "Tulitangulia. Nyie mkawa nyuma mnatushikia mikuki."

Viti vikaacha kulia vikacheka. Hata Nyundo alicheka, nikamkanyaga, marehemu hacheki.

"Haya sema unataka nini."

"Nikisema mimi haina utamu. Nibembelezeni."

Shamimu akampa maandazi. Akala, akabaki. Kiti kimoja kikampa mguu wake. Akasema asante, hana kitanda kinachochechemea. Akili ya Gaspari ikasema subirini, mimi najua mila, ikachomoka kwa bodaboda, ikarudi na kuku.

Jogoo mwekundu, kifua mbele, kavaa na beji ya kamati ya maandalizi.

"Usimlete huyo hapa," nikasema, lakini nimechelewa. Jogoo akaruka akatua juu ya meza, akatembea taratibu kwenye tumbo la marehemu, kifuani, kidevuni, akainama, akamtazama Nyundo usoni.

Nyundo akafumbua jicho moja.

"Msimulizi," akasema kwa upole sana, "hiki kilichosimama juu yangu ni nini?"

"Usiangalie."

Akaangalia.

Sijawahi kuona marehemu anatoka mbio vile. Meza ilipinduka, ngozi ya chui ilibaki hewani peke yake, na kabla sijageuka Nyundo yuko juu ya goli, kakumbatia mwamba, miguu yote miwili. Mguu wa ukungu ulikuwa unakimbia vizuri tu. Jogoo naye kwa hofu akadondoka kaburini, nikasikia, "Mama wee! Sikio langu! Fide, kuku wenu ananidonoa!"

"Marehemu kafufuka!" akili ya Gaspari inatangaza. "Hajafufuka! Mwamuzi anaangalia!"

Wote wakanigeukia. Kumbe mwamuzi ni mimi, nina na filimbi.

Sasa niamue. Kama kafa, arudi kwenye meza tuzike. Kama hajafa, kanuni yangu haina meno, na wiki ijayo hakuna atakayekuja, watasema Fide anaongea tu. Nikafungua kiganja nilirushe dadu liamue. Dadu limebaki dogo kama jino la mtoto. Halina hata pande ishirini, lina kama nne hivi, na zenyewe zinabishana.

"Nikikurusha si utaisha?" nikaliuliza.

"Nitaisha," likasema. Povu limekuwa jembamba, nalisikia kwa mbali. "Na mimi nikiisha gemu limeisha. Lakini nirushe tu, wewe si una msimamo."

Nikasimama nalo pale. Jua limegoma saa nane. Mvua inanisubiri iniloweshe vizuri. Shamimu nyasi zimefika magotini. Nikaona kabisa, nikirusha hapa, sitamuona tena Otilia kwenye ule mlango, tutakutana tu njiani tuwe tunasalimiana kama watu waliosoma shule moja.

Nikalirudisha dadu mfukoni. Nikachuchumaa pembeni ya kaburi.

"Mtani," nikasema, "unataka nini? Nakuuliza kweli."

Otilia akaacha kutafuna.

"Hujawahi kuniuliza," akasema. "Nataka siku."

"Siku si tunayo? Jumamosi."

"Jumamosi hiyo hapo. Mwangalie mwenyewe."

Nageuka, namuona Jumamosi anaingia uwanjani. Ni mama mnene, kachoka, kichwani kabeba spika za harusi, juu ya spika keki, juu ya keki turubai la msiba mwingine. Mkono huu beseni la nguo za kufua, mkono ule watoto wa kipaimara. Na nyuma yake wamepanga foleni mabibi harusi, wote nusu kichwa wamesukwa, nusu kichwa hawajasukwa, na kila rasta inayoning'inia inaishia kaburini, kwenye vidole vya Otilia. Hapo ndipo naona vidole vyake vimevimba.

Na hapakuwa tena kaburi. Ilikuwa saluni ya shangazi yake pale mtaani kwetu, kiti kile kile chekundu kilichochanika, dryer inaunguruma, na shangazi anaita, "Otilia, wahi huyu, kanisani saa nane!" Na ilikuwa saa nane. Ilikuwa saa nane toka nimfukuze yule mwenye kiatu kimoja, na maharusi hawaishi.

Nilikuwa najua anamsaidia shangazi. Sikujua kwamba Iringa nzima inaolewa siku moja.

"Mwanangu," Jumamosi akaniambia, shingo haigeuki kwa mizigo, "na wewe umeniletea gemu? Haya, weka. Tafuta pa kuweka."

Nikamzunguka natafuta. Hakukuwa na nafasi. Labda sikioni, na sikioni palikuwa na redio.

"Shikamoo mama," nikasema, maana ni kitu pekee nilichoweza kusema.

"Marahaba. Ukipata mwenzangu wa kunipokea nitashukuru."

Tukawa tena uwanjani. Nikatazama benchi la wachezaji wa akiba. Kuna kijana mmoja tu, kakaa, shati limepigwa pasi, bukta safi, viatu vya mpira kavifunga kamba mara mbilimbili.

"Wewe nani?"

Akasimama haraka. "Jumatano, kocha."

"Unafanya nini hapo?"

"Napasha, kocha. Napasha toka mwaka jana. Hakuna anayeniangalia. Watu wakipanga jambo wanasema Jumamosi, Jumamosi, Jumamosi. Mimi nikija wananiuliza leo tarehe ngapi, wanaondoka."

"Mchana una nini?"

"Mchana wangu? Mchana wangu hata nzi wanapiga miayo."

Kutoka kaburini Otilia akasema, "Jumatano mchana saluni anakuja bibi mmoja tu, na yeye anakuja kuongea."

Akili ya Gaspari ikasema, "Jumatano wanacheza usiku. Mchana naweza kuja pamoja na huyu." Ikaupapasa mwili wake begani, na mwili, kwa mara ya kwanza, ukatabasamu.

"Mimi nimeshafika," akasema Shamimu.

Kila kitu kiko sawa, si ndiyo? Mimi nasita. Nimeshaandika Jumamosi. Nimeandika kwa herufi kubwa. Nawaambia hivyo, kwamba jamani, msimulizi akibadilisha maneno yake nani atamsikiliza tena?

Kule juu ya goli Nyundo akakohoa.

"Msimulizi," akasema, "samahani, mimi ni marehemu tu. Lakini si wewe uliyetuambia mlima unahama? Toka Mei tunaukimbilia huo mlima. Unahama mlima, na mawe yake, na miti yake, halafu siku haiwezi kuhama?"

Kuku mwenyewe akatikisa kichwa kukubali.

Nikapuliza filimbi. Nikainua ubao wa kubadilisha wachezaji. Jumamosi akatoka anachechemea, akapeana mkono na Jumatano, akamkabidhi mlango wetu, wenyewe tu, na mizigo mingine akaondoka nayo. Jumatano akaingia anaruka ruka, akajivuruga shati. Viti vikashangilia kwa kupigana mgongo.

Otilia akanyoosha mkono, nikamvuta kutoka kaburini. Udongo mgongoni wote.

"Na mtu akishindwa kuja?" nikamuuliza. "Maana bado watashindwa. Lazima kuwe na kitu."

"Aseme mapema, kama mtu mwenye adabu. Na mhusika wake anashikwa na mtani wake mpaka arudi."

"Mtani atamfanya nini?"

"Atamvisha gauni. Atamchumbia mtu mbaya. Atamfanya aimbe kwaya. Kumuua hapana."

"Hiyo ni mbaya kuliko kufa."

"Ndiyo maana watakuja," akasema Otilia.

Nyundo akauliza kama anaweza kushuka. Tukamwambia asubiri kidogo, kuku bado yupo. Akasema hamna shida, kule juu anauona mlima vizuri, leo umekaa, unapumzika.

Halafu kutoka geti la uwanja naona mtu mfupi, suti ya kijivu, anakuja kwa raha zake. Viatu viwili. Amevipaka na kiwi.

"Nimekamilika," akasema Saa Tisa.

Nikampa mkono, jua likaanza kutembea, na mkono wake ulikuwa unateleza, una harufu ya sabuni, na mtu ananigonga, ngo ngo ngo.

"We Fidelis! Amka, kumekucha, mvua inanyesha na umeanika suruali!"

Ni mama mlangoni.

Sikutoka kuanua. Mama asinisikie. Nilichukua simu kwanza, bado nimejifunika, nikaandika kwenye grupu: Mazishi ya leo hayapo. Nyundo mzima. Kuanzia sasa tunakutana Jumatano saa tisa, kama wote mnaweza, semeni. Atakayeshindwa aseme mapema, mhusika wake atatunzwa na mtani. Hiyo tu. Habari ya ndoto sikugusa, nisije nikaitwa chizi asubuhi asubuhi.

Shamimu akajibu wa kwanza: Mimi nipo mezani tayari, nirudi nyumbani au nisubiri?

Gaspari akatuma dole gumba, halafu akaandika kabisa kwa maneno, kitu ambacho huwa hafanyi: Jumatano nakuja mzima.

Otilia bado. Naona anaandika. Anaacha. Anaandika tena. Suruali huko nje inalowa, mama anaita jina langu lote na la babu.

Ujumbe ukaingia.

"Sawa mtani wangu. Jumatano nipo, saluni inakuwa tupu. Ila yule jogoo umrudishe kwa mwenyewe, sikio linawasha mpaka sasa hivi."

Kwetu hatufugi kuku.